Choleng Aliyekatazwa Kutukana

"Sala si tusi, Divina! Tangu lini Salamu Maria ikaitwa tusi?"

"Inategemea inatoka mdomo gani, kumare. Ikitoka kwako, hata 'habari za asubuhi' ni kesi."

"Nilimtaja Mohing mimi? Nilitamka neno deni?"

"Ulimwekea Bikira sebuleni mpaka mkewe akaishiwa mchele!"

"Basi amshitaki Bikira!"

Divina akapiga meza kwa kiganja. Kikombe cha kahawa kikaruka na kutua palepale bila kumwaga tone, maana meza ile hupigwa sana na vikombe vyake vimeshazoea. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wateja, nimekuja kulipa rejesho langu, na nikaamua kwamba sina haraka. Hawa wawili ni kumare wa kweli. Divina ndiye aliyemshika binti wa Choleng siku ya ubatizo, kwa hiyo hugombana kwa adabu: hakuna tusi linalotoka bila neno kumare kulisindikiza.

"Nisikilize," Divina alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya. "Mkaguzi wa Tume ya makampuni anakuja leo. Si kesho, leo, na basi la asubuhi, kwa sababu ya barua ya Mohing. Akiona ni kweli ulitangaza deni la mteja mtaani, kampuni inatozwa faini. Tukirudia, wanatunyang'anya kile." Akanyoosha kidole ukutani, kilipotundikwa cheti cha kumruhusu kukopesha, ndani ya fremu ya dhahabu kubwa kuliko ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyo pembeni yake. "Na kabla wao hawajaninyang'anya cheti, mimi nakunyang'anya kazi. Nakupenda, kumare. Lakini humu nimezika milioni ya peso na ujana wangu wote."

Choleng akanyamaza.

Nimemjua Choleng Macatangay tangu anatambaa, na sikuwahi kumwona amenyamaza akiwa macho. Nikaona kweli mambo yameharibika. Kule kwake kuna mume asiyeweza tena kubeba hata ndoo, na wajukuu wanne ambao mama yao anafua nguo za watu Hong Kong na fedha zake huja zinapojisikia. Kazi ya kukusanya madeni ndiyo inayopika wali ndani ya nyumba ile. Na nani mwingine angemwajiri mwanamke wa umri ule ambaye ufundi wake pekee ni ulimi?

Lakini ulimi wenyewe, ngoja niwaambie.

Choleng alizaliwa siku ya tufani. Upepo uling'oa paa la kanisa, ukabeba kuku, ukabeba na nguo za mkunga zilizokuwa kwenye kamba. Mtoto alipotoa kilio cha kwanza, tufani ikasimama kidogo kusikiliza, halafu ikageuza njia ikaenda kuwasumbua watu wa mkoa wa jirani. Mpaka leo watu wa huko hawatupendi. Akiwa msichana aliuza samaki sokoni, na samaki wake walikuwa wabichi siku zote kwa kuwa waliogopa kuoza mbele yake. Kanor alipomuoa alikuwa na masikio mawili mazima. Sasa limebaki moja, na hulalia hilo.

Kutoka kwenye samaki akaingia kwenye kukopesha. Enzi hizo kukopesha kulikuwa kwepesi: mtu anachukua tano, anarudisha sita, wewe humjui wakili na wakili hakujui. Kila soko lilikuwa na watu wake wa tano-sita, wanapita jioni na mkoba kiunoni kama makondakta. Wengine waliogopwa kwa sababu ya misuli yao. Choleng aliogopwa kwa sababu ya asubuhi.

Maana akichelewa kulipwa, alikuja langoni kwako jogoo anawika. Msidhani alikuwa anapiga kelele tu. Alikuwa na mpangilio. Alianza na miguu yako, na vidole vyako, na viatu vyako na duka ulikovikopa. Akapanda magotini. Akapumzika, akanywa maji, akapanda kiunoni. Wakati huo mtaa mzima umeshakaa vibarazani na vikombe vya kahawa. Uso aliuacha wa mwisho, na wengi walilipa akiwa bado kiunoni. Padri wa parokia ya pili alikatisha misa mara moja, akadhani ni watu wake wanaungama kwa pamoja. Siku nyingine alikosea lango. Mwenye nyumba, bwana ambaye hajawahi kukopa hata chumvi, alimsikiliza mpaka magotini, akatoka na fedha. Choleng alipojua kosa lake akataka kuzirudisha, bwana akakataa katakata. Alisema amejifunza mengi kuhusu nafsi yake.

Halafu serikali ikasema basi.

Anayefanya biashara ya kukopesha watu fedha zake lazima awe kampuni iliyosajiliwa, yenye mtaji usiopungua milioni ya peso, na awe na cheti cha Tume. Huna cheti, una faini, na nyuma ya faini jela imekaa inakusubiri. Mtaji wa Choleng ulikuwa unaenea kwenye kopo la biskuti. Mwenye kuweza alikuwa Divina, aliyekuwa na duka la mchele, mume baharia, na ndugu wasioweza kumkatalia. Akawafanya hao wote wenye hisa. Mama mkwe wake akawa mkurugenzi, na hadi leo anaamini alichaguliwa kwenye baraza la parokia, kila mkutano wa kampuni anauliza habari za maua ya altare.

Jina nalo likawa vita. Divina alikuwa ameshapaka rangi kibao: Mkono wa Huruma wa Divina. Wakamwambia haitoshi, sheria inataka jina lenyewe liseme kwamba hii ni kampuni ya mikopo. Divina alilia machozi. "Sasa kila mtu atajua tunafanya nini humu ndani!" Wakili akamjibu, "Ndiyo maana yake, mama."

Choleng akaajiriwa kukusanya madeni, na kwa kuwa wengi wetu hatukusoma, akapewa pia kazi ya kutusomea masharti kabla hatujaweka kidole. Maana hiyo nayo ni sheria: mtu aonyeshwe kwa maandishi, kabla hajasaini, mkopo utamla kiasi gani chote, riba na ada na adhabu ya kuchelewa. Zamani tulikuwa tunaijua riba kama tunavyomjua shetani, kwa kusikia tu. Choleng akaisoma kwa sauti yake ile. Mwanamke mmoja aliyetaka mkopo wa jokofu alisikia jumla, akainuka, akasema loo, kumbe samaki wakavu ni watamu, akaenda zake. Divina akamwomba Choleng asome polepole. Akasoma polepole, ikawa mbaya zaidi.

Lakini hayo yote alivumilia. Kilichomvunja ni kanuni za kukusanya. Siku Divina alipomsomea nilikuwepo, kwenye benchi hili hili.

"Hutamtishia mdaiwa," Divina alisoma.

"Sijawahi kumtishia mtu. Naahidi tu."

"Hutajifanya polisi wala mahakama. Hutawapigia simu jamaa zake wala rafiki zake, isipokuwa mdhamini. Hutamwendea kabla ya saa kumi na mbili asubuhi."

"Saa kumi na mbili! Kumare, saa hiyo wameshakimbia!"

"Hutatangaza kwa watu kwamba hajalipa. Na hutatumia matusi wala lugha ya kudhalilisha."

Choleng akafikiri. "Naweza kumwambia ana uso wa bata?"

"Huwezi."

"Na kama anao?"

"Hata kama anao, kumare."

"Sasa ni uongo gani huo serikali inanifundisha?"

Akatii, lakini matusi aliyoyazoea hayakuwa na pa kwenda. Aliyameza. Tumbo likajaa kama la mjamzito, akaenda zahanati, daktari akalibonyeza, na chumba cha kusubiria kizima kikasikia neno "mwizi." Kanor akamshauri akayateme kwenye kisima cha zamani nyuma ya shule. Alikwenda siku tatu. Siku ya nne maji yalitoka meusi, tukadhani ni kahawa, tukanywa, na sitaki kusema tuliambizana nini asubuhi ile.

Na marejesho yakaanza kusinyaa. Mtu akiona Choleng anakuja amefunga mdomo, anatabasamu, anasema karibu Dada Choleng, njoo wiki ijayo.

Hapo ndipo ukafika Oktoba.

Mtaani kwetu, mwezi wa Rozari, sanamu ya Bikira hutembea nyumba kwa nyumba. Analala kwako usiku mmoja, jioni majirani wanakuja kusali, kesho anabebwa kwenda kwa jirani. Mwongozaji ni Choleng, kwa sababu ya sauti; ukisali naye huhitaji kipaza sauti wala huwezi kusinzia. Na mwenye nyumba, kama mnavyojua, hawezi kuwaacha watu waondoke na midomo mikavu. Anapika tambi. Anapika wali wa kunata na nazi. Anachemsha kahawa. Nyumba maskini kabisa inatoa biskuti na kuomba radhi. Usiku mmoja unavumilika, watu hujiwekea.

Mohing alikuwa amekopa kwa Divina ili atengeneze paa. Jina lake kamili Hermogenes Dimaano, mnamjua, yule wa majogoo wa kupigana. Bati zilinunuliwa, kweli, lakini zilikwenda juu ya banda la majogoo. Majogoo walilala pakavu, yeye na mkewe Panyang walilala na ndoo. Na tangu mwezi wa pili wa mkopo hajalipa senti. Kila Choleng akifika anamkuta anampapasa jogoo kifua, anamwambia, "Jumapili, Dada Choleng. Huyu akishinda Jumapili, nakulipa na riba juu." Jogoo hakushinda Jumapili. Jogoo aliliwa Jumapili.

Basi Bikira akafika kwa Mohing, tukasali, tukala, na kesho yake watu walipokuja kumbeba, Choleng akaweka mkono juu ya meza.

"Tumwache," akasema kwa upole ambao hatukuwahi kumsikia nao. "Nyumba hii ina haja kubwa."

Haja gani, hakusema. Kesho yake akasema tena. Na kesho yake. Wiki ikaisha, Bikira yuko kwa Mohing, na sisi tunakuja kila jioni na hamu yetu ya kula. Padri alisikia, akasema ni jambo la kugusa moyo. Panyang alimaliza mchele wa nyumbani, akakopa kwa dada yake. Wiki ya pili ilipoingia, Mohing alikuwa amemuuza jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa anampa mayai na vitamini, ili apate tambi za kutulisha. Nilikula sahani mbili za tambi za jogoo yule na sijutii.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Choleng kweli hakusema neno. Lakini ukiacha watu na fumbo na tambi, watalimaliza fumbo. Haja kubwa! Mtu akasema Panyang ana mimba, na umri ule wake. Mwingine akasema binti yao aliyeko ng'ambo ameolewa na Mprotestanti. Lakini hoja iliyoshinda ilitoka kwa Pisto kinyozi, ambaye ameshika vichwa vyote vya mtaa na anajua kilichomo. Pisto alisema amemwona Mohing anakaa upande upande kwenye kiti chake cha kunyolea. "Bawasiri," alisema Pisto. "Hakuna kingine."

Mtaa ukamwonea huruma. Tukienda kusali tunamkuta amesimama, tunamwambia kaa Mohing, usijitese, na mtu anampelekea mto. Panyang aliletewa majani ya kuchemsha ili mumewe akalie mvuke wake. Wazee wa majogoo uwanjani walimpisha akae kwenye kona laini. Vijana wakaacha kumtania, na hapo ndipo mwanaume anajua ameisha.

Akavumilia siku chache. Halafu akavunjika. Akaenda kwa Pisto, akasimama mlangoni, duka limejaa watu wa Jumamosi, akapaza sauti: "Mimi si mgonjwa! Nasema leo na msikie! Mimi nina deni! Nimekopa kwa Divina, sijalipa, na yule mwanamke ananisalia mpaka nilipe! Deni! Si bawasiri!" Kutoka hapo akaingia kwenye banda langu la keki za mchele akaniambia vilevile. Akaenda kwa muuza samaki. Akaenda hadi kwa wale wasiotaka kujua. Alipita mtaa mzima akitangaza deni lake kama anagombea udiwani.

Kisha, mtaa mzima ukijua, akakaa chini akaiandikia Tume kwamba Choleng ametangaza deni lake kwa mtaa mzima.

Sasa nirudi kwenye benchi, maana mlango ulifunguliwa na Mohing mwenyewe akaingia. Amevaa shati la misa na amepaka mafuta nywele. Nyuma yake Panyang na kapu lake la soko, na nyuma ya Panyang, Pisto kinyozi, bado na mkasi mfukoni.

"Nimeleta shahidi," Mohing alisema. "Mkaguzi atanikuta tayari."

"Karibu, Kaka Mohing," Choleng alisema. Alitamka maneno hayo kama mtu anayetema mfupa wa samaki mbele ya askofu.

"Pisto," Divina alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa hesabu ya faini. "Samahani, Kaka Pisto. Mkaguzi atakuuliza, basi afadhali nikuulize mimi. Ulijuaje kwamba huyu bwana anadaiwa?"

Pisto akamtazama Mohing. "Aliniambia mwenyewe."

"Nani mwenyewe?"

"Mohing. Alisimama mlangoni kwangu akapiga kelele. Nilimkata mteja sikio kidogo."

"Kabla ya hapo ulijua?"

"Kabla ya hapo nilijua ana bawasiri."

"Sina bawasiri!" Mohing alipiga kelele.

"Ndiyo hivyo, sasa tunajua," Pisto alisema kwa upole. "Kwa sababu ulituambia."

"Na wewe, Bibi Insang?" Divina aligeuka kwangu, na uso wake ulikuwa umeanza kupata rangi.

"Alikuja bandani kwangu akanieleza deni lote na tarehe zake," nikasema. "Nikamwambia sikuuliza, Mohing. Akasema sikiliza tu. Akala keki mbili, hakulipa."

Panyang akaanza kucheka. Alicheka akiwa amefumba macho, mabega yanapanda na kushuka, mpaka kapu likamwanguka.

"Panyang!" Mohing alisema. "Uko upande wangu au?"

"Upande wako upi? Nilikuambia nyamaza, kaa na bawasiri yako kimya kimya, unapewa mto, unapewa kiti. Ukasema hapana, heshima yako. Heshima gani, baba? Ungeacha wakusalie." Akafuta machozi kwa upindo wa blauzi. "Mimi nilitaka Bikira akae hata mpaka Krismasi. Tangu nimeolewa, ndiyo mara ya kwanza nimemwona huyu mtu nyumbani jioni."

Divina alikuwa ameshasimama. Alimzunguka Choleng akamshika mabega kwa nyuma, kama mtu anayeshika mtungi alioukuta mzima baada ya tetemeko.

"Umepona, kumare," alimnong'oneza, lakini wote tulisikia. "Umepona kabisa. Hukumtaja, hukutangaza, mashahidi wake wenyewe wanakutetea. Mkaguzi akija, jambo moja tu nakuomba. Moja. Nyamaza. Usimwite mteja kwa jina la mnyama yeyote mpaka mkaguzi apande basi."

"Nitanyamaza," Choleng alisema.

"Apa."

"Naapa mbele ya cheti."

Dirishani, ng'ambo ya barabara, tuliona mwavuli mweusi ukishuka kwenye pikipiki ya kigari, ukasimama, ukawa unauliza njia kwa muuza nazi. Muuza nazi akanyoosha mkono kuelekea kwetu.

Mohing naye aliuona. Na Mohing si mjinga. Mtu anayefuga majogoo anajua jinsi ya kumkasirisha kiumbe kabla hajaingia ulingoni. Alisogeza kiti akakaa mbele ya Choleng, goti kwa goti, akatabasamu.

"Hongera, Dada Choleng. Kweli umekuwa mpole. Watu walikuwa wanasema, yule mwanamke ana mdomo, yule mwanamke ni moto. Kumbe mdomo ulikuwa wa kuazima na umerudishwa kwa mwenyewe."

Mishipa ya shingo ya Choleng ilisimama kama kamba za kufungia ng'ombe.

"Mohing, acha," Panyang alisema.

"Namsifu! Bati zangu ziko salama, majogoo wangu wanalala vizuri. Asante kwa huruma ya kampuni. Na wiki hii tena sina, Dada Choleng. Unaniambiaje? Hebu niambie."

"Karibu... wiki... ijayo," Choleng alisema, na jasho likamtoka.

Mwavuli ulikuwa unavuka barabara. Divina alianza kusali kwa midomo tu.

Mohing aliinama karibu zaidi. "Na jambo lingine nilitaka kukueleza tangu Oktoba. Ile sauti yako ya Rozari unayojivunia. Panyang atakuambia kama nasema uongo. Kila ukianza litania, Bikira alikuwa anageuka. Kidogo kidogo. Ukifika 'utuombee' ameshaangalia ukutani. Tulilazimika kumgeuza kila usiku mkishaondoka. Mama wa Mungu mwenyewe, Dada Choleng. Amevumilia msalaba, lakini wewe ulimshinda."

Pisto alitoa mkasi mfukoni, sijui kwa nini. Divina aliacha kusali.

Choleng aliinuka. Aliinuka polepole, na alipokuwa anainuka alianza kuvuta pumzi. Alivuta pumzi ya mwaka mzima na zaidi. Karatasi za mezani zilisogea kumwelekea, pazia likavimba kuingia ndani, cheti kikainama kwenye msumari wake, na mimi nikashika skafu yangu. Alitazama miguu ya Mohing. Nikajua anaanzia wapi.

"Hermogenes Dimaano," alisema, "hiyo miguu yako..."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke kijana akasimama kizingitini, mwavuli unadondosha maji, miwani imejaa ukungu.

"Samahani," alisema. "Mimi natoka Tume. Choleng Macatangay ndiye nani?"